Gari linasumbua baada ya kumwaga oili? Anza na namba za nyuma ya galoni

"Niliweka 5W-30, ile ile." Ndilo jibu ninalopewa mara nyingi ninapomuuliza mwenye gari aliweka oili gani, na halinisaidii kitu. Ni kama kumuuliza mtu kaoa wapi, akakujibu kaoa mwanamke mrefu. 5W-30 ni uzito tu, yaani oili inatiririka kwa wepesi kiasi gani. Haisemi oili itaacha majivu kiasi gani ikiungua, haisemi italinda cheni ya injini kwa kiasi gani, wala haisemi kama kampuni iliyounda gari iliipima na kuikubali. Oili mbili za 5W-30 zinaweza kukaa rafu moja dukani, Gerezani ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi, moja ikafaa gari lako na nyingine ikaziba ekzosi yako polepole bila wewe kujua.

Kinachozitofautisha ni ile mistari midogo ya nyuma ambayo hakuna anayeisoma: VW 504 00/507 00, MB-Approval 229.51, BMW Longlife-04, dexos2, Renault RN17, Ford WSS-M2C948-B. Kila kampuni ina vipimo vyake juu ya vile vya jumla. Wengi wetu tumekulia kwenye Corolla na Vitz za petroli, magari yasiyo na madai mengi. Oili yenye alama ya API, Taasisi ya Petroli ya Marekani, na uzito sahihi inatosha, maisha yanaendelea. Mazoea hayo ndiyo tunayahamishia kwenye Golf, Tiguan, X3, C-Class na Mazda za dizeli, na hapo ndipo dalili zinapoanza.

Kabla ya dalili, jua namba ya gari lako. Iko kwenye kitabu cha gari. Kitabu kikiwa cha Kijapani usikate tamaa: fungua kurasa za mwisho zenye majedwali ya ujazo, utaona "504 00" au "DL-1" imeandikwa kwa herufi tunazozisoma sote. Ile stika ya mlangoni iliyotoka na gari Japani inaonyesha tarehe na kilomita za kumwaga oili, pengine na uzito. Usiitegemee kwa namba ya kampuni.

Taa ya DPF inarudi kila baada ya siku chache

Gari la dizeli, nguvu zinapungua, taa ya DPF, yaani kichujio cha masizi kwenye ekzosi, inawaka. Fundi kayachoma masizi yake kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara nafuu ni fupi kuliko iliyopita.

Watu huchanganya masizi na majivu. Masizi ni kaboni. Kompyuta ya gari ikipandisha joto la ekzosi, yanaungua na kuondoka. Majivu hayaungui, kwa sababu yenyewe ndiyo yaliyobaki baada ya kuungua. Yanatoka kwenye oili: kalsiamu na magnesiamu zinazosafisha injini, na zinki inayozuia vyuma kusagana. Kila tone la oili linalopenya kwenye ringi za pistoni na kuungua pamoja na dizeli huacha madini hayo kichujioni, na hayatoki mpaka kichujio kifunguliwe.

Fanya hesabu. Tuseme gari linakula nusu lita kila kilomita 5,000. Likifika kilomita 100,000 limekula lita 10, kama kilo 8.5 hivi. Oili ya daraja la A3/B4 la ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya, inaruhusiwa kuwa na majivu hadi 1.6%. Chukua 1.4%: hapo umeshindilia karibu gramu 120 ndani ya kichujio. Oili ya C3, daraja jingine la ACEA, mwisho wake ni 0.8%, yaani gramu 68 hivi kwa safari ileile. C1 na C4 mwisho ni 0.5%. Ndiyo maana 507 00 ya Volkswagen, 229.51 na 229.52 za Mercedes-Benz na Longlife-04 ya BMW zote zimebana majivu. Kwa dizeli ndogo za Kijapani zenye DPF kipimo ni DL-1 ya JASO, shirika la viwango vya magari la Japani, mwisho 0.6%. Ukiona DH-2 kwenye galoni, hiyo ni ya malori, majivu yake ni karibu 1.0%.

Niliwahi kufungua kichujio cha gari moja la Kijerumani ambalo mwenyewe alikuwa mtu makini kuliko wateja wangu wote. Alimwaga oili kila kilomita 5,000, alitunza risiti, alinunua oili ghali na halisi. Ilikuwa A3/B4. Oili nzuri kabisa, ila haikuwa ya gari lile.

Kwa hiyo, kabla ya kuchoma tena, mwambie fundi asome kwenye mashine vitu viwili: kiasi cha masizi na kiasi cha majivu. Magari mengi ya Ulaya yanaonyesha vyote. Masizi yakiwa juu na majivu chini, acha oili, tafuta injekta inayovuja, themostati iliyokufa ikiwa wazi, au safari fupi fupi za foleni ambazo hazilipi gari nafasi ya kujichoma. Majivu yakiwa juu, kubadili oili leo hakutafungua kilichoziba jana. Kichujio kitolewe, kioshwe na mtu mwenye vifaa au kibadilishwe, ndipo uweke oili ya namba sahihi. Kukata DPF na kuacha bomba tupu si matengenezo, ingawa najua itakuwa bei rahisi kuliko yote utakayotajiwa.

Jambo moja zaidi kuhusu oili hizi za majivu kidogo. Akiba yake ya kupambana na asidi ni ndogo, na salfa ya kwenye dizeli ndiyo inayozaa asidi. Ratiba ya Ulaya ya hadi kilomita 30,000 au miaka 2 iliandikwa kwa dizeli ya kule na barabara za kule. Kwa foleni zetu mimi nasimama kwenye 7,500, na sijuti.

Oili inaongezeka badala ya kupungua

Mwenye gari huja akifurahi: "Fundi, gari langu halili oili hata tone." Unachomoa kijiti, oili iko juu ya alama ya kujaa na inanuka dizeli.

Ili kuchoma masizi, injini nyingi humwaga dizeli ya ziada ndani ya silinda ili ikawake kwenye ekzosi. Ukizima gari katikati ya zoezi hilo, na ukafanya hivyo kila siku kwa sababu ofisi iko kilomita 4 kutoka nyumbani, sehemu ya dizeli hiyo huteleza ukutani mwa silinda na kushukia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Wahandisi wa Mazda walijua: kijiti cha Skyactiv-D, injini yao ya dizeli, kina alama ya X juu ya ile ya kujaa, na oili ikifika hapo imwagwe hata kama kilomita bado.

Kosa la kawaida hapa ni kupandisha uzito, kutoka 5W-30 kwenda 15W-40, "ili isiwe maji". Dizeli itaendelea kuingia, na oili nzito ya lori italeta majivu ya ile dalili ya kwanza. Mwaga, weka ya namba ileile, kisha mara moja kwa wiki lipeleke gari barabara ndefu dakika 20 au 30 bila kulizima. Likiendelea kujaa hata hivyo, kagua injekta.

Cheni inalia asubuhi

Unawasha, unasikia "krrrr" sekunde 2 au 3, kisha kimya. Kwenye injini za turbo za Kijerumani zenye cheni, mlio huu usiupe muda.

Tenshena, kifaa kinachokaza cheni, kwenye injini nyingi za namna hii inasukumwa na presha ya oili. Mpaka oili ifike, cheni inalegea na kupiga kuta. Sasa sikiliza maneno ya mtaani: "Hapa kwetu joto, 5W ni ya wazungu wenye barafu, weka 20W-50." Kweli W ni ya majira ya baridi. Lakini oili ya nyuzi 25, asubuhi ya kawaida ya Dar, bado ni baridi sana kwa injini iliyoundwa kufanya kazi karibu na nyuzi 100. Kwenye nyuzi 40, 5W-30 ya kawaida ina mnato wa 65 hivi kwa kipimo cha sentistoki. 20W-50 inakaribia 160 au kuzidi. Hiyo ya pili inapanda polepole zaidi kwenye matundu membamba ya tenshena, na kila asubuhi cheni inapigwa kwa muda mrefu zaidi. Aliyeko Njombe au Limuru anaongeza baridi halisi juu yake.

Kagua kwa mpangilio huu. Kwanza kiwango cha oili. Pili filta: filta ya bei chee mara nyingi haina vali nzuri ya kuzuia oili isirudi kwenye sampu usiku, na dalili yake inafanana kabisa na ya oili mbaya. Nimeshuhudia filta mpya ikimaliza mlio ambao watu watatu walikuwa wameshaufungulia bajeti ya kushusha injini. Tatu namba ya oili. Mlio ukibaki baada ya hapo, cheni imerefuka au tenshena imechoka. Mashine itaonyesha kamshafti zimepishana na kranki kiasi gani. Usiendelee kulitembeza ukisubiri mwisho wa mwezi, maana cheni ikiruka jino, vali zinakutana na pistoni.

Kuna mtego wa upande wa pili. Volkswagen wana namba mpya, 508 00/509 00, oili ya 0W-20 iliyotiwa rangi ya kijani. Ukiimimina ikatoka kijani usidhani umeuziwa kitu kilichochakachuliwa, ndiyo ilivyo. Lakini si kila kipya kinafaa kurudi nyuma: 508 00 ni nyepesi zaidi kwenye joto kali na haikuundwa kwa injini zilizoandikiwa 502 00 au 504 00. Namba kubwa si daraja la juu.

Gonga moja zito unapokanyaga mafuta

Uko kwenye gia ya juu, injini iko mizunguko 1,500 hadi 2,500, unakanyaga kupita lori, unasikia "ko!" kama mtu kapiga bloku kwa nyundo. Halafu hakuna tena. Inatokea kwa petroli zenye turbo na injekta zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda.

Ni mafuta kuwaka kabla plagi haijatoa cheche. Oili inahusika kwa sababu vitone vyake vinavyochanganyika na petroli ukutani mwa silinda vinaweza kuwaka vyenyewe, na kalsiamu nyingi kwenye oili huongeza uwezekano huo. Magnesiamu haifanyi hivyo kwa kiasi kile, ndiyo maana watengenezaji walibadilisha mchanganyiko. Gonga moja linaweza kupasua kingo ya pistoni, kwa hiyo hii si dalili ya kusema tutaona.

Historia yake ndiyo inayoeleza kwa nini leseni zipo. General Motors walianzisha dexos mwaka 2010, dexos1 kwa petroli na dexos2 kwa dizeli na magari ya Ulaya, ikichukua nafasi ya rundo la namba zao za zamani. Mwaka 2017 kikaja kizazi cha pili cha dexos1, chenye kipimo cha gonga hili hasa. API wakafuata na daraja la SN Plus mwaka 2018, kisha SP mwaka 2020. Kwa hiyo galoni yenye SN tupu, iliyokaa dukani tangu enzi hizo, haikupimwa kwa tatizo hili hata kama mfuniko haujaguswa. Kwa Chevrolet na GMC, ambazo ndugu zetu wa Muscat wanazo tele, tafuta dexos1 ya kizazi cha pili au cha tatu. Kwa turbo nyingine za petroli, namba ya kampuni kwanza, na SP ikiwepo ni faida.

Oili ikishakuwa sahihi, angalia plagi na petroli yenyewe. Na ushushe gia kabla ya kukanyaga.

Taa nyekundu ya oili inapepesa gari likiwa sailensa, limesimama injini ikiunguruma

Zima injini. Endelea kusoma baada ya kuzima.

Taa nyekundu ni ya presha. Ya njano, kwa magari mengi, ni ya kiwango. Ukishahakikisha kiwango kiko sawa, uliza kama injini yako ina mkanda wa taimingi unaoogelea ndani ya oili. Ford EcoBoost ya lita 1.0 ilitoka hivyo, na PureTech ya lita 1.2 ya Peugeot na Citroën pia. Mkanda huo ni wa mpira, na kemikali za oili isiyoandikiwa injini hiyo, pamoja na petroli inayochanganyika nayo, huulainisha na kuumenya. Vipande vinashuka kwenye sampu, vinaziba wavu wa pampu ya oili, presha inaanguka. Hapa ndipo namba kama WSS-M2C948-B ya Ford inapokuwa suala la kufa na kupona. Kwa PureTech unaweza kuuona mkanda kupitia tundu la kujazia oili: ukiona umevimba au una nyufa, fungua sampu usafishe wavu kabla ya kuwasha tena.

Kwa injini isiyo na mkanda huo, fundi apime presha kwa geji halisi. Kuweka oili nzito ili taa izime ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria panadoli. Homa inashuka, beringi zinaendelea kulika, na mwisho wake unaitwa injini imenoki.

Linakula oili, na lina tope

Hizi nazipitia haraka kwa sababu oili si mshukiwa wa kwanza. Vitabu vya Volkswagen vinakubali hadi nusu lita kwa kilomita 1,000 kama kiasi cha kawaida, kiasi ambacho mimi nisingekikubali kwa gari langu. Kabla ya kubadili chochote, kagua vali ya kupumulia injini, sili za vali, turbo, halafu ringi. Oili inaingia kwenye orodha pale tu mtu alipoweka 0W-20 kwenye injini iliyoandikiwa namba nzito zaidi.

Tope jeusi chini ya kifuniko kama lami ni kilomita zilizopitiliza. Krimu ya maziwa ni maji. Kidogo kwenye kifuniko peke yake ni mvuke wa safari fupi, kwenye kijiti pia ni gasketi ya silinda hedi au kipoza oili.

Namba ipo kwenye galoni, dalili bado zipo

Soma kitenzi. Ukikuta "Approval", "Approved" au "Licensed" mbele ya namba, kampuni ya gari imeikubali oili hiyo kwa jina na mchanganyiko wake. Ukikuta "Meets", "Suitable for" au "Recommended where", anayesema ni muuza oili peke yake. Si lazima awe mwongo. Leseni ya dexos inalipiwa, na wapo watengenezaji wazuri wanaoamua kutolipa. Lakini injini ikifa, hakuna wa upande wa kampuni ya gari aliyewahi kuipima oili ile, na kama gari liko kwenye dhamana, mazungumzo yatakuwa mafupi.

Uhakiki unafanyika kwa simu ukiwa bado dukani. Oili yenye leseni ya dexos huwa na nembo na namba ya leseni kwenye lebo, na General Motors wana tovuti yenye orodha ya zilizosajiliwa. Mercedes-Benz wanachapisha orodha zao kwa namba ya karatasi, 229.51 kivyake, 229.52 kivyake. API nao wana orodha ya wenye leseni unayotafuta kwa jina la oili. Jina la kampuni lifanane na uzito ufanane, kwa sababu mtengenezaji mmoja anaweza kuwa na 5W-30 nne na mbili tu zimekubaliwa. Muuzaji akikuambia "hizi zote ni moja, bosi", mshukuru uondoke.

Halafu kuna galoni iliyojazwa upya. Alama ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, inaweza kuchapwa na yeyote mwenye printa, kwa hiyo usiishie hapo. Angalia pete ya mfuniko, namba ya bechi kwenye galoni yenyewe dhidi ya ile ya kwenye boksi, na bei. Kwenye duka la jirani niliwahi kununua galoni 3 za boksi moja zikawa na rangi 3 za oili.

Galoni za kujazia zinatoka kwetu wenyewe, maana tupu zinanunuliwa. Ukishamwaga, itoboe yako chini na upande wa lebo ya mbele. Ile ya nyuma, yenye namba, ikate kwa kisu uiweke kwenye dashibodi pamoja na risiti, uandike kilomita kwa maka pen, ili fundi mwingine akikuuliza uliweka oili gani usimjibu "5W-30, ile ile".